Binti ametibiwa mara mbili, mwenzake hajatibiwa hata mara moja

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mama mdogo wa binti mwenye umri wa miaka 17. Yuko kidato cha nne na anaishi kwangu Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwa sababu wazazi wake wako Kasulu na shule aliyopangiwa iko jirani na nyumba yangu. Mwanzoni mwa mwaka huu alianza kulalamika maumivu chini ya kitovu, na nilipomdadisi akakiri kwamba anatokwa na uchafu wa njano wenye harufu asiyoizoea. Nilimpeleka kituo cha afya. Walimwona peke yake, wakampima mimba na VVU, na vyote viwili hakukutwa navyo. Kisha akachomwa sindano moja na kupewa vidonge vya kumeza wiki nzima, pamoja na kadi ndogo ya kumfikishia mwenzake. Alipona. Haikupita muda mrefu hali ikarudi vilevile, tukarudi kituoni, akatibiwa upya na kupewa kadi nyingine.

Juzi nilipokuwa nikipanga vitabu vyake nilizikuta kadi zote mbili zimebanwa katikati ya daftari la Biolojia. Nilimwita chumbani, akalia sana, ndipo akanieleza. Kijana ana miaka 19 na anafanya kazi kwenye mtumbwi wa dagaa wa mjomba wake. Sehemu kubwa ya mwezi yuko kambini upande wa Uvinza, na hurudi mjini wakati wa mbalamwezi, uvuvi wa taa unaposimama. Kabla binti hajaugua, kijana huyo aliwahi kumwambia kwamba mkojo unamchoma, akanunua kapsuli za rangi mbili dukani, akameza kwa siku mbili, moto ukaisha. Kwa hiyo anajihesabu mzima, na binti anaogopa kwamba akimpelekea kadi ataambiwa ugonjwa ni wake yeye. Anaogopa zaidi baba yake, ambaye akisikia anaweza kwenda moja kwa moja polisi. Aliniambia, "Mama mdogo, bora niendelee kuumwa."

Nina maswali matatu. Muuza duka la dawa amekubali kuniuzia vidonge vilevile alivyopewa binti. Je, nivinunue nimtumie kijana kambini kwa boti, jambo liishe kimya kimya? Je, ninalazimika kumwambia baba yake? Na je, nikihangaikia matibabu ya kijana huyu, siwi kama ninayebariki uhusiano ambao siutaki?

Mama Mdogo, Mwanga

MAJIBU

Mama, pole, na nakushukuru kwa kumsikiliza binti hadi akamaliza kusema, kwa maana majibu ya maswali yako yamo katika yale aliyokueleza. Nianze na lililo la haraka. Kwa jinsi ulivyoandika, kinachoelekea zaidi ni kwamba matibabu ya kwanza yalimponya binti, kisha akaambukizwa upya na mtu yuleyule ambaye hajatibiwa. Kuugua kisonono au klamidia, magonjwa ya ngono ambayo dalili zake hufanana na za binti, hakumpi mtu kinga ya kudumu, hivyo aliyepona leo anaweza kuambukizwa tena wiki ijayo ikiwa mwenzake bado ana vimelea. Kwa magonjwa haya, kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kufanya nusu ya kazi, na zile kadi mbili zilizobanwa kwenye daftari ndizo nusu iliyobaki.

Zipo sababu nyingine zinazoweza kurudisha dalili, na ni haki ya binti zichunguzwe. Huenda alisahau baadhi ya vidonge, au vimelea ni sugu kwa dawa aliyopewa. Pia si kila uchafu ukeni unatokana na ngono. Fangasi, kwa mfano, huwapata hata wasichana ambao hawajawahi kukutana na mwanamume, na kwa kawaida mwenza hahitaji kutibiwa. Vituo vyetu vingi huwatibu wagonjwa kwa kufuata dalili, bila kipimo kinachotaja kimelea, na njia hiyo imesaidia wengi ingawa mara nyingine hukosea. Kwa hiyo amweleze tabibu waziwazi kwamba dalili zilisharudi baada ya matibabu ya kwanza, na aulize kama anaweza kuandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, kwa vipimo vya maabara. Hata hivyo, maelezo ya kijana kwamba mkojo ulikuwa unamchoma yananifanya niamini kwamba hapa tunazungumzia maambukizi ya ngono, na kwamba naye anayo.

Kuhusu zile kapsuli za rangi mbili, naomba nikae kidogo, kwa sababu naamini tatizo lenu limeota mizizi hapo. Kwa mwanamume, maumivu wakati wa kukojoa yanaweza kutulia yenyewe baada ya muda, hata pasipo dawa yoyote, huku vimelea vikiendelea kuishi ndani ya njia ya mkojo. Akimeza dawa ya siku mbili katika kipindi hicho, ataiamini dawa. Kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani ambazo bado zinauzwa kwa mazoea, na ndiyo sababu binti alichomwa sindano. Klamidia nayo, inapotibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini, inahitaji siku saba kamili, asubuhi na jioni. Kijana wako, kwa hiyo, hajatibiwa. Alichopata ni nafuu ya kutosikia maumivu, na nafuu hiyo ndiyo inayoweza kumfanya akatae kadi kwa moyo mweupe kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya ngono yanayotibika, yaani klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi, na sehemu kubwa ya maambukizi ya namna hii haina dalili au ina dalili hafifu ambazo mtu huzipuuza.

Kwa msichana wa umri wa binti yako gharama ni kubwa kuliko kwa kijana. Mlango wa kizazi katika umri huo haujakomaa vya kutosha na hushikwa na vimelea kwa urahisi zaidi, na kila maambukizi yanayorudi huongeza uwezekano wa vimelea kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Huko huacha makovu, na makovu hayo ndiyo yanayowafanya baadhi ya wanawake wasishike mimba miaka kumi baadaye, au mimba itunge nje ya mfuko wa uzazi na kuhatarisha maisha yao. Maumivu ya chini ya kitovu uliyoyataja yananitia wasiwasi. Ikiwa yapo hata sasa, au yakija pamoja na homa, kutapika, kutokwa damu isiyo ya mwezi au kukosa siku zake, asisubiri kijana wala mbalamwezi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lipo pia suala la VVU. Michubuko na uvimbe unaoletwa na magonjwa haya huifungulia VVU mlango, na ushahidi wake mmoja mkubwa ulitoka hapa hapa kwetu. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba katika maeneo ambayo vituo vyake viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya ngono, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na maeneo ambayo hayakuboreshewa. Kadi iliyokaa ndani ya daftari, mama, inagusa hata hilo.

Sasa swali lako la kwanza. Wazo la kumpelekea mwenza dawa bila yeye kufika kliniki halikuzaliwa na wewe wala si la kijinga. Nchini Marekani kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliukubali utaratibu huo mwaka 2006 kwa klamidia na kisonono, na baadaye madaktari wa vijana walieleza kwamba unawafaa hata wagonjwa wa umri wa binti yako, kwa sababu wenza wa vijana ni wagumu kufika kliniki: hawana nauli, hawana muda, wanaona aibu, au hawajisikii kuumwa. Jaribio lililofanyika katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2005 lilionyesha kwamba wagonjwa ambao wenza wao walifikiwa kwa njia hiyo walirudiwa na maambukizi kwa kiasi kidogo kuliko wale ambao wenza wao waliambiwa tu waende kutibiwa. Lakini angalia jinsi wanavyofanya. Dawa hutolewa au huandikwa na tabibu aliyemwona mgonjwa, ikiwa na maelezo ya maandishi juu ya namna ya kuimeza, onyo kwa mwenye mzio wa dawa, na ombi kwamba mwenza afike kupimwa hata baada ya kumeza.

Unachotaka kukifanya wewe kinakosa mambo hayo yote. Sindano aliyochomwa binti haiwezi kusafirishwa kwa boti ikachomwa na mvuvi mwenzake, na ukituma vidonge peke yake utakuwa umetuma nusu ya tiba, jambo ambalo ndilo hasa linalokuza usugu wa dawa. Hujui kama kijana ana mzio. Hujui kama kambini kuna msichana mwingine ambaye atagawiwa vidonge hivyo, na huenda ni mjamzito, wakati doksisaiklini haifai kwa mjamzito. Zaidi ya hayo, kijana atakosa kupimwa kaswende na VVU, navyo haviponi kwa vidonge hivyo. Kwa hiyo usinunue. Ukiona hakuna namna yoyote ya kijana kufika kituoni, nenda na binti kwa tabibu aliyemtibu, mwelezeni kwamba mwenza yuko kambini, na mwachieni yeye aamue kinachofaa. Anaweza kumwelekeza kijana kwenye zahanati iliyo karibu na kambi yake, mahali ambapo kadi hiyo itamfungulia mazungumzo.

Kadi hizi wengi huziogopa bila kuzijua. Kwa kawaida kadi ya mwenza haimtangazi mtu. Kazi yake ni kumjulisha mhudumu ni matibabu ya aina gani yanahitajika, ili mwenye kadi asilazimike kusimulia mambo yake mbele ya foleni. Binti hahitaji kumtaja kijana kwa tabibu ndipo apate dawa, na ninasisitiza hili kwa wahudumu wanaosoma safu hii pia: msichana anayekataa kutaja jina apewe matibabu na kadi vilevile, kwa heshima ileile. Mwombeni mhudumu kadi mpya ikiwa zile zimechakaa au zimepitwa na wakati.

Hofu ya binti kwamba ataambiwa "ugonjwa ni wako" ina jibu la kweli kabisa, nalo ni kwamba hakuna anayeweza kujua. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili, kwa hiyo anayeumwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta. Maneno yenyewe yawe machache na yasiwe na mashtaka ndani yake. Anaweza kusema: "Nimetibiwa maambukizi, na kituoni wameniambia kwamba na wewe lazima utibiwe, hata kama husikii kuumwa. Zile kapsuli hazikutosha. Chukua kadi hii, wala hutaulizwa mambo mengi." Ayaseme kwa simu kama anaona ni salama zaidi, kabla ya siku za mbalamwezi, ili kijana afike mjini akijua anakwenda wapi kwanza. Wewe mwenyewe unaweza kuikabidhi kadi ikiwa binti ameridhia, lakini usimfanyie hivyo nyuma ya mgongo wake. Kama kijana amewahi kumpiga, kumtishia au kumlazimisha, basi binti asimwambie chochote yeye mwenyewe. Kazi hiyo apewe mhudumu, ambaye anaweza kumfikia mwenza bila kutaja jina la binti.

Kijana akifika kituoni, mhudumu atamuuliza faraghani kuhusu wenza wengine wa miezi miwili au mitatu iliyopita, nao watahitaji matibabu. Binti yako naye ataulizwa swali hilohilo, na siku hiyo, mama, nakuomba ukae nje kwenye benchi. Najua umebeba mengi kwa ajili yake na unastahili kujua, lakini msichana wa miaka 17 anayeulizwa mambo haya mbele ya mlezi wake mara nyingi hujibu kile anachodhani mlezi anataka kusikia, kisha matibabu yanapangwa juu ya jibu lisilo la kweli.

Nikija kwenye baba na sheria, sitakuficha. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamhesabu mwanamume aliyekutana kimwili na msichana aliye chini ya miaka 18, asiye mke wake, kuwa amebaka hata kama msichana aliridhia, na kwa mtu mzima adhabu yake haishuki chini ya kifungo cha miaka 30. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa pale anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Siwezi kukuambia ukae kimya kana kwamba sheria hizo hazipo. Ninachokuambia ni kwamba uende kwa afisa ustawi wa jamii kabla mtu yeyote hajaenda popote kwa hasira, umweleze ukweli, naye akusaidie kujua kilichotokea: walianzaje, kuna fedha au zawadi zilizotangulia, kuna kulazimishwa, kuna mtu mwingine mkubwa nyuma yake. Kukiwa na vitisho au nguvu, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi ndipo mahali pake, na namba 116 ya huduma kwa simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Lakini matibabu yasigeuzwe mtego. Nalisema hili kwa uzito wote nilionao. Kadi ikishatumika kumnasa kijana mmoja mlangoni mwa zahanati, habari itafika kambi zote za mwambao kabla mwezi haujaandama, na hakuna kijana mwingine atakayekuja na kadi. Watakaoumia ni mabinti. Sheria ina njia yake na watu wake, tabibu atibu.

Baba yake, kwa maoni yangu, si wa kuanza naye, ila usimdanganye akikuuliza. Dalili za binti zikiisha na afisa ustawi akishakusikiliza, mchague kwa pamoja nani azungumze na wazazi na kwa maneno gani, pengine mama mzazi kwanza, ambaye simsikii popote katika barua yako. Binti naye aambiwe mapema kwamba mazungumzo hayo yatakuwepo, asije akashtukizwa. Na kwa upande wa vipimo ajue haki yake: tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu aliyefikisha miaka 15 kukubali mwenyewe kupimwa VVU, bila kusubiri idhini ya mzazi.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Kumtibu kijana hakubariki chochote. Unaweza kumwambia binti, kwa uso uleule na siku ileile, kwamba huutaki uhusiano huu, kwamba mtihani wa kidato cha nne uko mbele yake, na kwamba hata hivyo mwili wake hautaachwa uharibike kwa sababu ya kutokubaliana kwenu. Vijana wanaelewa kauli hizo mbili zikisemwa pamoja. Wasichokielewa ni mlezi anayewanyima dawa ili kuwafundisha adabu.

Wote wawili wasikutane kimwili mpaka kila mmoja awe amemaliza dawa zake na siku saba zimepita tangu wa mwisho kutibiwa, dalili zikiwa zimekwisha; na ikiwa hawatasikia ushauri wa kuacha, wapewe kondomu na waonyeshwe namna ya kuzitumia. Miezi mitatu baada ya matibabu binti arudi kituoni kupimwa tena, hata kama kijana alitibiwa vizuri, na kipimo cha VVU kirudiwe siku hiyo hiyo.